Mti wa Niamey na Mdudu wa Kunde

Mwezi wa kumi, katika inchi ya Niger, watu huvuna kunde. Mama wa nyumba huzikausha juani, huzipiga kwa fimbo, huzipepeta, na mwisho huzitia ndani ya chungu kikubwa au ndani ya mfuko. Anazigawa kwa fungu. Fungu hili ni la chakula. Fungu hili ni la kuuza sokoni, ili apate chumvi, sabuni na daftari za watoto. Na fungu hili dogo ni mbegu ya mwaka ujao. Anafunga chungu chake, anashukuru Mungu, anakwenda kulala.

Miezi mitatu inapita. Siku moja anafungua chungu, naye anaona vumbi. Anatia mkono, anainua kunde chache. Ni nyepesi kama makapi. Kila punje ina tundu la duara, limekatwa vizuri kama kwa ncha ya msumari, na punje nyingine zina matundu mawili au matatu. Ndani hamna kitu. Vidudu vidogo vya rangi ya udongo vinatembea juu ya vidole vyake na kuanguka chini. Chakula kimekwisha, fedha ya soko imekwisha, na mbegu imekwisha. Na mvua ingali mbali miezi mitano.

Mwizi huyo ni nani? Ni mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Mfuko ukiwa umefungwa vema, watu huuliza: amepita wapi? Kumbe hakupita popote. Aliingia pamoja na kunde zenyewe. Kunde zikingali shambani, mdudu jike huja kutaga mayai yake juu ya maganda yaliyokauka. Kisha mama anayachukua nyumbani bila kujua. Jike moja hutaga mayai mengi, pengine karibu 100, na kila yai hushikamana na punje kama limepakwa gundi. Ukitazama kunde zako juani, utayaona: ni madoa madogo meupe. Buu likitoka katika yai halitembei nje hata kidogo. Hutoboa punje papo hapo chini ya yai lake na kuingia. Humo ndani hula, hukua, hugeuka kuwa mdudu mwenye mabawa. Kisha hukata mlango wa duara na kutoka. Tangu yai mpaka kutoka ni kama mwezi mmoja hivi, maana wakati wa joto mambo yake huenda upesi. Na huyo mdudu mwenye mabawa hana haja ya kula tena. Kazi yake imebaki moja: kutafuta mwenzake na kutaga.

Ninyi mnaojua hesabu, fanyeni hesabu hii. Tuseme jike moja lapata mabinti 20 tu walio hai. Mwezi wa kwanza, 20. Mwezi wa pili, kila mmoja wa hao 20 apata 20 wake, ni 400. Mwezi wa tatu ni 8.000. Ndiyo maana mama alipofunga chungu hakuona kitu, na alipofungua hakukuta chakula.

Watu wengine, kwa uchungu wa kupoteza mali yao, hununua sokoni unga wa sumu uliofanywa kwa ajili ya mashamba ya pamba. Huuchanganya na kunde. Wadudu hufa kweli. Lakini sumu hubaki juu ya chakula, na jamaa nzima hukaa mezani kula sumu hiyo. Wako waliougua kwa ajili ya jambo hili, na wako waliokufa. Muuzaji mara nyingi hajui kusoma maandiko ya kopo lake, naye hupima unga kwa kijiko na kuufunga ndani ya kipande cha karatasi bila jina.

Basi, iko njia nyingine, nayo hutoka katika mti uliosimama kando ya barabara.

Niger ni inchi kubwa ya Afrika ya Magharibi, mbali na bahari. Upande wake wa kaskazini ni jangwa la Sahara, mchanga na mawe. Watu wengi wanakaa kusini, maana huko mvua huanguka kidogo. Mji mkuu wake ni Niamey, nao umejengwa kando ya mto mkubwa uitwao Niger, ulioipa inchi jina lake. Watoto wa Lubumbashi wangestaajabu huko, kwa sababu majira yamegeuka. Wakati wa kiangazi cha Katanga, mwezi wa sita mpaka wa tisa, vumbi linapojaa njiani na usiku ni baridi, huko Niamey ndipo mvua inaponyesha. Na hiyo mvua yao yote ya mwaka haifiki hata nusu ya mvua ya Lubumbashi. Miezi mingine ni mikavu kabisa. Upepo hutoka jangwani, huleta vumbi jembamba, jua huonekana jeupe kama sahani. Mwezi wa nne na wa tano joto hupita digrii 40, na mtu akigusa chuma cha baisikeli mchana huondoa mkono upesi.

Katika joto hilo miti mingi huangusha majani. Mmoja hukaa na kivuli chake. Majani yake ni membamba, yana meno kama msumeno, yamepangwa pande mbili za kikonyo. Maua yake ni madogo, meupe, yana harufu ya asali. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki huuita mwarobaini, maana walisema kwamba unaponya magonjwa arobaini. (Arobaini ni mengi mno, wenye kupenda mti huwa wanaongeza hesabu.) Wafaransa na Waingereza huuita nim, na Wahausa wa Nigeria huuita dogonyaro. Si mti wa Afrika. Kwao ni India na Burma. Uliletwa Afrika ya Magharibi katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, na mwisho ukafika kila mji wa inchi kavu, tangu Senegal mpaka Sudan. Huko Niamey umepandwa kando ya barabara, katika nyua za shule na za misioni, mbele ya maduka. Fundi wa kushona hutia mashine yake chini yake. Wazee hukaa hapo kuongea. Asubuhi watu huvunja kijiti chake na kupiga mswaki.

Mwaka 1965 serikali ya Niger ilianza kuuzungusha mji wa Niamey kwa ukanda mrefu wa miti, ili kuzuia upepo na mchanga, na mwarobaini ulikuwa mmoja wa miti iliyopandwa kwa wingi. Siku hizi sehemu kubwa ya ukanda huo imeliwa na nyumba, maana mji umekua sana. Tena mwaka 1975, mbali na mji, katika bonde la Majjia, watu walianza kupanda safu mbili mbili za mwarobaini kukata upepo. Nyuma ya safu hizo mtama ulizaa kuliko zamani, kwa sababu upepo haukuweza tena kuondoa udongo na kuvunja miche.

Mtu akikaa chini ya mti huo mjini, asifikiri kwamba yuko peke yake. Mji una watu wake, lakini una nyama wake pia. Juu ya ukuta yuko mjusi mkubwa. Dume lake lina kichwa cha rangi ya chungwa, nalo huinamisha na kuinua kichwa kama mtu anayekubali maneno yote. Hula siafu, mchwa na mende. Jua likishuka, huyo huingia katika ufa wake, na mwingine hutoka: mjusi kafiri, mweupe, mwenye vidole vya kushika dari. Hukaa karibu na taa akingoja mbu na nondo. Watu wengi humchukia na kumwogopa bure, wakisema ana sumu. Hana sumu yoyote. Kila mdudu anayemmeza ni faida ya mwenye nyumba.

Katika bustani za kando ya mto hutembea kalunguyeye, nyama mdogo mwenye miiba mgongoni, ambaye akishtuka hujikunja kama mpira. Yeye huwinda usiku, hula mende, mabuu na panzi. Na mvua za kwanza zikikaribia, wageni hufika kutoka kusini: korongo wadogo wenye mgongo mweusi na tumbo jeupe. Watu wa inchi kavu huwapenda sana, maana husema ndio wanaoleta mvua. Korongo hao hujenga matundu yao juu ya miti ya vijijini na hata juu ya mapaa ya nyumba za majani, na hakuna anayewafukuza. Chakula chao ni panzi na nzige na viwavi. Mvua ikiisha, huondoka kwa makundi na kuruka mpaka upande mwingine wa Afrika, Tanzania na Zambia, kutafuta mvua nyingine na panzi wengine.

Na usiku, matunda ya mwarobaini yakiwa yameiva, wanakuja popo. Si popo wadogo wanaokamata mbu, bali popo wakubwa wanaokula matunda. Tunda la mwarobaini linafanana na zabibu la manjano, nyama yake ni tamu kidogo, na ndani mna kokwa moja. Popo huchuma tunda, huruka nalo mpaka mti mwingine, hula nyama, huitupa kokwa. Ndege hufanya vivyo hivyo mchana. Hivyo mti unapandwa na nyama wenyewe, chini ya kuta, kando ya visima, mahali ambapo hakuna mtu aliyechimba shimo.

Lakini jambo moja watu walilitazama miaka mingi bila kulifikiri: juu ya mti huu wadudu wanaokula majani ni wachache sana.

Wahindi walijua tangu zamani. Mama wa India alitia majani makavu ya mwarobaini ndani ya ghala ya mchele na katikati ya nguo zake. Hakuandika kitabu juu yake. Alifundishwa na mama yake. Wenye elimu ya wadudu walichelewa. Mwaka 1959 nzige waliingia Sudan. Wako huko alikuwako Mjerumani mmoja mwenye kuchunguza wadudu, jina lake Heinrich Schmutterer. Aliona nzige wakishuka kama wingu, na walipoondoka miti ilibaki vijiti vitupu, kama imepitiwa na moto. Ila miarobaini ilisimama na majani yake yote. Nzige walikuwa wametua juu yake pia, lakini waliondoka bila kula. Wengi wangesema, «Ajabu!» na kwenda zao. Yeye aliuliza, «Kwa nini?» na swali hilo lilimshika maisha yake yote.

Wengine waliuliza pia. Mwaka 1962, huko New Delhi katika India, bwana Pradhan na wenzake walisaga viini vya kokwa za mwarobaini, wakachanganya na maji, wakanyunyizia mimea ya shamba. Nzige walikuja. Walitua juu ya mimea, wakaionja, wakakataa kuila. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Uingereza, Butterworth na Morgan, walifaulu kutenga ndani ya kokwa kitu chenyewe kinachowakataza nzige, wakakiita azadirakitini, kwa jina la mti katika Kilatini. Hapo kazi ngumu ndipo ilipoanza. Kitu hicho kimefungwa kwa namna ya ajabu, kama fundo lisilo na mwanzo. Ilifika mwaka 1985 kabla ya wataalamu kujua sawasawa jinsi kilivyoungwa. Kisha mabwana wa Cambridge, pamoja na mkubwa wao Steven Ley, walijaribu kukitengeneza wenyewe katika vyupa vyao. Walitumia miaka 22, wakafaulu mwaka 2007. Mti hukitengeneza kila mwaka kwa udongo mkavu na jua, chini yake mbuzi wamelala.

Sasa kitu hicho humfanya nini mdudu? Si kama sumu ya dukani, ambayo mdudu huigusa akaanguka. Mkulima aliyezoea kuona wadudu wameanguka chini huvunjika moyo asubuhi yake, akiona viwavi vingali juu ya kabichi. Asivunjike moyo upesi. Atazame meno yao: hawali, au wanakula kidogo tu. Kwanza, ladha yake huwachukiza. Pili, na hili ni kubwa zaidi, huharibu kukua kwao. Mmekwisha kuona ganda tupu la panzi limeshika jani? Mdudu hana mifupa ndani. Ngozi yake ngumu ndiyo mfupa wake, nayo haikui. Akitaka kukua ni lazima apasue ngozi ya zamani na kutoka na mpya. Mwili wake una ujumbe wake wa kusema, «Sasa, vua.» Dawa ya mwarobaini huvuruga ujumbe huo. Kiwavi hukaa ndani ya ngozi iliyombana, au hutoka nusu, akafa baada ya siku chache. Na wadudu waliokwisha kukua hutaga mayai machache.

Mjusi ukutani havui ngozi kwa ujumbe wa namna hiyo, wala kalunguyeye, wala korongo. Buibui hali majani, basi dawa iliyonyweshwa jani haimfikii sana. Nyuki akiwa amekwisha kurudi mzingani jioni, haikutani naye ikingali mbichi. Kwa hiyo mwenye kutumia dawa hii hawafukuzi wasaidizi wake. Sumu kali ya dukani huua kiwavi na huua pia wale waliokuwa wakimla kiwavi. Juma linalofuata viwavi vipya huja, navyo havikuti adui tena.

Kazi ya kutengeneza dawa yataka uangalifu kuliko nguvu. Matunda huiva katika Niger wakati wa mvua, karibu na mwezi wa saba. Watoto huyaokota chini ya miti asubuhi, kabla hayajaoza. Huyaosha kwa kuyasugua pamoja na mchanga na maji mpaka nyama yote itoke. Kisha kokwa hutandazwa kivulini, mahali penye upepo. Zikianikwa katika jua kali, nguvu ya dawa hupungua. Zikifungwa zingali mbichi ndani ya mfuko wa plastiki, huota ukungu, na ukungu huo una sumu yake mwenyewe, hizo zitupwe. Zilizokauka vizuri huwekwa ndani ya kikapu au mfuko wa nguo, ili zipate hewa.

Siku ya kazi, hubanja kokwa, hupepeta maganda, hutwanga viini katika kinu. Si kinu cha kutwangia chakula: uchungu wake hautoki. Kwa gramu 500 za unga huo watu hutia lita 10 za maji, huacha usiku kucha, asubuhi huchuja kwa kitambaa. Wengi huongeza sabuni kidogo ili dawa ishike jani. Hunyunyizia jioni jua likishuka, maana mwanga wa jua huivunja dawa hiyo, na baada ya siku chache haimo tena. Hapo kuna faida na hasara. Faida, kabichi zinazokwenda sokoni hazibaki na sumu. Hasara, mkulima lazima arudie kazi yake kila juma hivi, na mvua ikinyesha usiku huohuo, amefanya kazi bure. Asiye na bomba la kunyunyizia hutumia ufagio mdogo wa majani.

Kwa kunde za mama yule hawanyunyizii maji, maana kunde zikilowa huoza. Hutumia mafuta. Unga wa viini hutiwa maji kidogo ya moto na kukandwa kwa mikono kama unga wa mkate, mpaka mafuta meusi-meusi yatoke katikati ya vidole. Yananuka kitunguu saumu. Kijiko kidogo cha chai kimoja chatosha kilo 2 za kunde. Huchanganya sana, mpaka kila punje ing'ae, kwa sababu punje isiyopata mafuta ni mlango ulioachwa wazi. Mafuta hulifunika yai lililogandamana na punje, na buu la ndani halipati kupumua wala kuendelea. Vidudu vilivyokwisha kukua huonekana vikitembea siku chache, kisha basi. Kunde hizo hukaa miezi mingi. Kabla ya kuzipika huoshwa vema, mara mbili, kwa maji ya moto, na bado mgeni mwenye ulimi mkali hutambua uchungu kidogo.

Mwarobaini si njia peke yake. Bibi za Niger walijua nyingine, ya inchi yao wenyewe. Katika pori kavu kuna kichaka kiitwacho hanza. Majani yake mabichi yakipondwa na kutiwa chini ya kunde ndani ya chungu kilichofungwa, hutoa pumzi kali inayoua wadudu. Ni kichaka kilekile ambacho matunda yake huwasaidia watu mwaka wa njaa, lakini hayo lazima yaloweshwe siku nyingi na kubadilishwa maji, la sivyo huumiza. Wengine huchanganya kunde na majivu mengi. Siku hizi iko pia mifuko ya plastiki yenye tabaka tatu, ambayo hufungwa sana hata hewa haiingii. Wadudu wa ndani hupumua hewa iliyomo, huimaliza, hufa. Kwa kweli kwa mwenye fedha ya mfuko huo, na asiye na panya wa kuutoboa, hiyo ni njia rahisi kuliko kukanda mafuta. Na watoto wa Kivu wana la kusema pia: huko, katika milima yenye baridi, hulimwa pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, na maua yake makavu huuawia wadudu upesi sana, si polepole kama mwarobaini.

Dawa iliyotoka mtini yaweza kumwumiza mtu vilevile. Watu wengi hufikiri, «Ni mti tu, hauna neno.» Wako wazazi walionywesha watoto wachanga mafuta ya mwarobaini ili kuwaponya mafua au homa. Watoto hao walitapika, walishikwa na degedege, na wengine wamekufa. Mafuta ya kunde yawekwe mbali na watoto, ndani ya chupa yenye alama, na asipewe mtoto kunywa hata tone. Wala maji ya dawa yaliyobaki yasimwagwe katika kijito au kisima cha samaki. Samaki na vidudu vya majini huumizwa nayo.

Na majani yake yakichomwa jioni, moshi hufukuza mbu kidogo. Lakini moshi ukiisha mbu hurudi, na macho yamekwisha kuwasha. Mwenye chandarua alale ndani ya chandarua.

Je, mwarobaini ungeweza kuiokoa Niger na nzige, kama ulivyojiokoa wenyewe huko Sudan? Hapana. Mwaka 2004 nzige wa jangwani waliingia Niger, na mvua ilikuwa imekatika mapema. Mwaka 2005 njaa ikashika watu, na watoto wengi walipelekwa penye vituo vya kulishwa, mikono yao myembamba kama vijiti. Katika kilomita moja ya mraba ya kundi la nzige kunaweza kuwa na nzige milioni 40, na kwa siku moja hula chakula cha watu 35.000. Nani angetwanga viini vya kutosha kwa jeshi kama hilo? Kwa nzige zatakiwa ndege, magari, watu wa kuwatafuta jangwani wakingali wadogo bila mabawa, na dawa za viwandani. Iko pia dawa iliyofanywa kwa ukungu unaowaua nzige na panzi.  Mwarobaini hulinda bustani ya kabichi, chungu cha kunde, shamba dogo karibu na nyumba. Kwa jamaa ya watu saba ambao chungu hicho ndicho akiba yao yote, si jambo dogo.

Kwa hiyo mwezi wa saba, mvua za kwanza zikiisha kulowesha udongo, tazama chini ya kuta za Niamey. Pale popo walipotupa kokwa, miche midogo imetoka, majani yake mekundu kidogo bado. Mbegu ya mwarobaini haijui kungoja: ikikaa miezi michache bila kupandwa, hufa. Iliyoanguka mahali pazuri imekwisha kuota. Watu wenye kufagia wataing'oa mingi, na miguu ya mbuzi itakanyaga mingine. Mmoja umeota karibu na mlango wa mama mwenye kunde. Mtoto wake ameuzungushia miiba na mawe matatu, naye huutilia maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo. Baada ya miaka mitatu au mitano, utaanza kuzaa.